Miezi Kumi kati ya Septemba na Julai

Wazazi wengi wa Likasi huijua shule kwa siku mbili. Ya kwanza ni ile ya Septemba, wanapomleta mtoto katika shati jeupe na kaptula ya buluu ambayo bado inanukia duka. Ya pili ni ile ya Julai, ambayo hapa kwetu huitwa proklamasyo, majina yanaposomwa mbele ya watu wote, aliyefaulu akajulikana, na aliyeshindwa naye akajulikana. Yapitayo katikati hawayajui. Ndiyo maana, ifikapo Februari au Machi, nasi tunapokwenda nyumbani kuuliza habari za mtoto ambaye nafasi yake dawatini imekuwa wazi kwa majuma mawili, baba yake hutujibu kwa adabu, tena bila hasira: "Mwalimu, kule shuleni wanaimba na kulima bustani tu. Kuimba anajua. Kulima anajua. Sasa anaosha mawe mtoni, na jioni analeta chakula."

Jibu hilo si la kipumbavu, wala halifai kujibiwa kwa kukemea. Mji wetu ulizaliwa na shaba. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, kwa jina la injinia mmoja wao, hata mwaka 1966 ukarudishiwa jina lake la Likasi. Na kwa miaka mingi baba aliyefanya kazi katika kiwanda cha Shituru au karakana za Panda alipata mshahara, nyumba na shule ya watoto wake kwa mkono mmoja. Kazi hizo zilipopungua, watu waliingia mashimoni na sururu zao wenyewe, na watoto wakawafuata. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria ya kuwa watoto 40,000 hivi walifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtia mtoto katika kazi za hatari. Lakini sheria haipiki bukari, na baba yule anaijua njaa kuliko anavyoijua sheria.

Basi, wasomaji wapenzi, tuwaeleze ni nini hasa hufanyika katika miezi ile kumi.

Tuanze na bustani, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa zaidi. Nyuma ya madarasa tuna matuta ya lengalenga na vitunguu. Hakuna mtoto anayegusa jembe kabla hajalipima tuta kwa kamba. Tuta moja lina urefu wa meta 6 na upana wa meta 1. Kati ya mstari na mstari ni sentimeta 20. Je, mistari mingapi, mbegu kiasi gani, maji ndoo ngapi? Mboga zikikomaa huuzwa kwa mafungu, na mtoto mmoja huandika daftari la mapato na matumizi. Wa darasa la tano huulizwa: ikiwa mafungu matano katika mia yameoza, hasara ni asilimia ngapi? Neno hilo, asilimia, tunalifundisha kwa Kifaransa kama programu inavyotaka, kisha tunalirudia kwa Kiswahili ili liingie.

Hapa tuseme kwa urefu kidogo, maana asilimia ndiyo inayouza mawe ya Katanga. Mchimbaji apelekapo mfuko kwa mnunuzi, mfuko hupimwa mara mbili: mizani hutaja uzito, na chombo kingine hutaja kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe. Mfuko wa kilo 50 wenye shaba asilimia 4 una kilo 2 za shaba. Ukisomwa kuwa ni asilimia 3, shaba imekuwa kilo 1 na nusu. Katika mifuko kumi, kilo 5 zimetoweka, wala hakuna aliyeiba mbele ya macho ya mtu. Wachimbaji wengi hulalamika juu ya vipimo hivi; lakini wangapi wanaweza kuketi na kalamu na kuonyesha hesabu? Na mtoto anayeacha shule katikati ya darasa la tano huacha juma lile lile ambalo angefundishwa jambo hilo.

Kuna pia somo la kutazama vitu. Kila mtoto huleta kitu kimoja, na hapa kwetu vitu hivyo ni mawe. Malakiti, lile jiwe la kijani, hututoa darasani mpaka kwenye kichuguu. Huko tunaeleza jinsi wafua shaba wa zamani walivyojenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa, wakavuvia kwa mivukuto ya ngozi, wakamimina shaba iliyoyeyuka katika kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa fedha na mahari kabla Mzungu yeyote hajafika. Watoto hufurahi wakisikia ya kuwa babu zao walikuwa mafundi kabla ya kuitwa vibarua. Tena huonywa. Shinkolobwe haiko mbali nasi, na urani yake ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 2004 udongo uliporomoka huko ukaua wachimbaji wa mkono, ingawa mgodi ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku. Si kila jiwe zuri hutiwa mfukoni.

Juu ya nyimbo tutasema machache. Wale wanaocheka kwamba watoto wanaimba tu, na wakumbuke kwaya ya shule ya Kamina chini ya Padri Guido Haazen: watoto na waalimu wao walikwenda kuimba Ulaya mwaka 1958, na Misa yao, Missa Luba, ikajulikana ulimwenguni. Sisi hatuna kwaya kama ile. Ila darasa la tatu huimba meza ya kuzidisha, na mtoto aliyeimba saba mara nane haisahau.

Sasa tufike tarehe 30 Aprili, siku ya elimu katika nchi yetu. Watoto huandamana kwa mistari, huigiza, hushindana mbio, na mchana waalimu hucheza mpira na darasa la sita, jambo ambalo huwapendeza sana wanafunzi kwa sababu zisizotuletea sifa. Lakini siku hiyo ina jambo la kusikitisha. Nje ya ua husimama watoto waliokuwa wetu. Miguu yao ni miekundu kwa vumbi, na wanazijua nyimbo zote. Zamani lango lilifungwa kwa kuogopa fujo. Siku hizi hufunguliwa, nao huingia.

Mwaka mmoja tuliweka mizani mezani, na watoto wa darasa la tano wakawapimia wageni vitunguu na kuwafanyia hesabu ya asilimia papo hapo. Baba mmoja alisimama pale muda mrefu. Mwishowe alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, karatasi ya mauzo ya mawe, akamwomba msichana wa miaka kumi na mmoja amsomee. Msichana alihesabu mara mbili. Baba akaikunja tena, hakusema neno. Majuma mawili baadaye mwanawe alirudi, akakaa nyuma ya darasa.

Tangu Septemba 2019 serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, watoto wameongezeka kuliko madawati. Hatulalamiki, tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakichanga mishahara ya waalimu, na mzigo ule uliwatoa wengi shuleni. Ila katika darasa lililojaa hivyo mtoto wa mwisho hupotea upesi, na proklamasyo humpoteza kabisa. Kwa maoni yetu, wa kwanza watajwe kwa sauti na kupigiwa makofi, maana wamestahili. Walioshindwa wapewe karatasi zao mkononi, mzazi akiwapo, na waambiwe ni somo gani lililowaangusha. Wenzetu wengine husema kwamba aibu humfundisha mtoto. Sisi tumeona inakompeleka: humpeleka mtoni kuosha mawe.

Yule mwanafunzi aliyerudi hakufaulu mwaka ule, maana alikuwa amekosa miezi miwili. Mama yake alikuja na kopo la poda, kama desturi yetu ilivyo, kuwanyunyizia waliofaulu. Alimnyunyizia binti wa jirani, akawanyunyizia wengine watatu, kisha akamgeukia mwanawe akammwagia yote iliyobaki kichwani. Watu walicheka. Mtoto alikwenda nyumbani mweupe kama unga, na Septemba akawa wa kwanza kuandikishwa.