Reykjavík, Mji Uotao Moto wa Ardhi

Leo twapenda kuwaelezeni habari za Reykjavík, mji mkuu wa kisiwa cha Iceland. Katika miji mikuu ya nchi zenye kujitawala, hakuna ulioko mbali kaskazini kuliko huu. Kisiwa chenyewe kimo katika bahari ya Atlantiki, njiani baina ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo tangu miaka ya 1960 wasafiri wengi wa eropleni hushuka hapo siku moja au mbili, kisha huendelea na safari yao. Sisi nasi, wazazi na watoto wawili, tulishuka, tukiwa na mchana mmoja tu. Mwenye mchana mmoja hawezi kuona yote. Basi tulichagua kufuata habari za maji ya moto, maana hayo ndiyo yaufanyayo mji ule wa baridi ukalike.

Kwa mapokeo ya wenyeji, mtu wa kwanza kufanya makao pale alikuwa Ingólfr Arnarson, aliyetoka Norway karibu na mwaka 874. Mvuke ulionekana ukipanda kutoka ardhini, na mahali pale pakaitwa Reykjavík, maana yake Ghuba ya Moshi. Lakini haukuwa moshi. Chini ya Iceland mapande mawili makubwa ya gamba la dunia yaachana polepole, na joto la ndani hukaribia juu. Maji ya mvua na theluji hupenya katika nyufa za miamba, hupata moto, kisha hupanda tena.

Zamani faida ya maji hayo ilikuwa ndogo, na hatari yake kubwa. Wanawake wa mji walichukua nguo chafu mgongoni mpaka chemchemi za Laugardalur, mwendo wa kilometa 3 hivi, hata wakati wa theluji, wakazifua katika maji yatokotayo. Wako walioteleza, wakatumbukia, wakafa kwa kuungua. Mahali hapo pamehifadhiwa, nasi tuliwapeleka watoto ili wajue kwamba raha ya leo ilitanguliwa na taabu.

Nyumba nazo zilipashwa moto kwa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli, na moshi wa kweli ukatanda juu ya mji. Mwaka 1930 maji ya chemchemi zile zile yalipitishwa katika mabomba mpaka shule moja, kisha hospitali, bwawa la kuogelea na nyumba kadha wa kadha. Mwaka 1943 yakaletwa mengine kutoka Reykir, nje ya mji. Na bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka 1973, bidii ikazidi. Sasa katika nyumba 10 za Iceland, kama 9 hupata joto namna hii. Juu ya kilima cha Öskjuhlíð yako matangi makubwa ya maji hayo, na juu yake jumba la Perlan, lililofunguliwa mwaka 1991. Kutoka hapo mji wote huonekana.

Mwenye kwenda na watoto katika mabwawa ya kuogelea ayashike haya. Kwanza, kabla ya kuingia majini ni sharti kuoga kwa sabuni bila nguo yoyote, wanaume mbali na wanawake mbali. Mgeni huona haya, lakini wenyeji hutia majini dawa kidogo tu ya kuulia vijidudu, nao hutegemea usafi wa kila mtu. Pili, mtoto aliye chini ya miaka 10 haingii bila mwangalizi. Tena, huko nyumba ya wageni, awaonye wasikimbilie bomba la maji ya moto, kwani yaweza kuunguza. Nayo hunuka kidogo kama yai viza. Ya baridi hayanuki, na ni mazuri sana kwa kunywa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Bonde la Ufa nalo ni mahali ardhi iachanapo. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umetoa umeme tangu mwaka 1981. Na Wakenya wengi wamejifunza kazi hiyo Iceland, katika mafunzo yaliyoanzishwa mwaka 1979. Basi mtoto wa Afrika ya Mashariki auonapo mvuke wa Reykjavík, na aambiwe kwamba moto kama ule uko chini ya nchi yake pia, nao wangoja watu wenye elimu na subira.