Kompyuta Inapogoma Kuwaka

Wiki hii naomba tuzungumzie jambo linalowasumbua wengi katika ofisi, shule na zahanati za Kasulu na Kibondo: kompyuta ya mezani iliyofanya kazi vizuri jana, na leo ukibonyeza kitufe haiamki. Hukumu hutolewa haraka mno. Utasikia mtu akisema, "Imekufa hiyo." Basi hufungwa kwenye boksi na kupandishwa basi kwenda Kigoma au Mwanza, au huitwa kijana wa mjini aje "kuipiga Windows" upya. Safari ya Mwanza itakula nauli tu. Hiyo ya kupiga Windows ndiyo ninayoiogopa, na sababu nitaieleza.

Kuwaka kwa kompyuta ni safari. Chukulia basi linalotoka Kibondo kwenda Kigoma. Likichelewa, ndugu anayelisubiri Kigoma hasemi kwamba limekufa. Hupiga simu akauliza: Kibondo limetoka? Makere limepita? Kasulu wameliona? Akijua lilipoonekana mara ya mwisho, anajua pa kulitafuta. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kwanza umeme uingie. Kisha bodi kuu ijikague yenyewe na kumbukumbu yake. Kisha itafute diski. Mwisho Windows isomwe kutoka kwenye diski hiyo. Kazi yako ni kujua safari imekwamia wapi.

Tuanze na umeme. Kwa miaka mingi miji yetu hii ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi ilipoungwa kwenye Gridi ya Taifa mwaka 2022. Lakini gridi haizuii radi za msimu wetu wa mvua, ule mrefu unaoanza Oktoba au Novemba hadi Mei, wala haizuii umeme kushuka na kupanda mwishoni mwa laini ndefu. Kwa hiyo ukikuta hakuna taa wala feni haizunguki, usishike bisibisi bado. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ileile uone kama inaingiza. Halafu ondoa ekstensheni na UPS, uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. UPS ambayo betri yake imechoka huzuia umeme kimya kimya, na lawama zote zikaiangukia kompyuta. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, ijaribu nyingine. Nyuma ya boksi kuna swichi ndogo ambayo hata ufagio wa asubuhi unaweza kuizima.

Kompyuta nyingi za mashuleni ni za msaada kutoka ng'ambo, na baadhi ya zile za zamani zina swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Marekani hutumia volti 120, sisi 230. Ukiichomeka hapa ikiwa kwenye 115, utasikia mlipuko na harufu ya kuungua. Hapo kile kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kimekufa kweli. Lakini kinabadilishwa chenyewe, na hiyo si sababu ya kutupa mashine nzima. Ila usikifungue. Hubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Ikiwa feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, basi letu limetoka Kibondo. Hakikisha kioo nacho kimewashwa na waya wake umekaza (msicheke, nimeona watu wazima wakihangaika nusu siku). Kisha sikiliza. Kwenye kompyuta nyingi mlio mfupi mmoja ni salamu ya uzima. Milio mirefu au inayorudiwa ni malalamiko, na kila kiwanda kina lugha yake. Mshtakiwa wa kwanza ni ramu, kile kipande cha kumbukumbu. Vumbi letu jekundu la kiangazi halina mlango linaoushindwa. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi, kisha toa ramu. Futa meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa unga wa raba, uirudishe mpaka vibanio vikaze. Ukikuta sisimizi wamehamia humo usishangae, wamependa joto.

Maandishi yakitokea na kusema hakuna diski ya kuanzia, tazama kama kuna fleshi iliyosahauliwa mahali pake. Kisha angalia saa ya mashine. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, ile betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, imekwisha, na mashine huenda imesahau pa kuitafuta diski. Lakini ukisikia diski yenyewe ikigonga-gonga, zima papo hapo na usijaribu tena. Kila ukiilazimisha unazidi kuiumiza.

Sasa niseme kile ninachokiogopa. Windows inapoanza kisha ikajizima na kurudia, mara nyingi umeme ulikatika ikiwa katikati ya kuandika. Windows za miaka hii zikishindwa kuanza mara kadhaa hufungua zenyewe ukurasa wa kujirekebisha, jaribu huo. Ukishindikana, kuna fundi atakayesema "tufomati". Chama kimoja cha akiba na mikopo ninachokijua huko Kasulu kilikubali. Katika muda mfupi mashine iliwaka, nyepesi kama mpya. Na kweli ilikuwa mpya: hapakuwa na jina la mwanachama hata mmoja, wala akiba, wala mkopo. Waliokuwa na vitabu vyao walionyesha. Mama mmoja ambaye kitabu chake kililowa mvua alibaki kubishana na kamati kuhusu fedha za miaka minne kwa kutumia kumbukumbu ya kichwa.

Diski ile haikuwa na kosa. Ingeweza kutolewa, ikaunganishwa kwa waya kwenye kompyuta nyingine, na mafaili yote yakanakiliwa kabla ya jambo lolote. Basi fundi akija, muulize kwanza atanakili wapi, naye akuonyeshe mafaili yakifunguka huko kabla hajafuta. Akikosa jibu, mpe chai aende zake.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siyatamani marufuku yale, lakini karatasi bado naitetea. Kila mwisho wa mwezi chapeni salio la kila mwanachama, mhasibu na mwenyekiti watie sahihi, na faili likae kabatini, mbali na dirisha linalovuja. Walioniuliza kuhusu stebilaiza, nitawajibu wiki ijayo.