Deni la Zamani na Muda wa Sheria

Wazee wetu walituachia maneno mawili juu ya deni. La kwanza ni hili: kukopa harusi, kulipa matanga. La pili ni kwamba dawa ya deni ni kulipa. Maneno hayo yote mawili humwelekea mdaiwa. Leo nataka kusema na mdai, maana yeye naye ana wajibu wake, na wengi hawaujui mpaka siku zimekwisha kuwapita.

Jioni moja ya mwezi Machi 2025, mama mmoja, jirani yetu hapa Olasiti, alinijia nyumbani na karatasi iliyofungwa katika pindo la khanga yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, yeyo." Akaitikia, akaketi, akanipa karatasi nimsomee, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Ilikuwa hati ya mauzo ya mtamba. Mnunuzi, mtoto wa ndugu yake, alitoa sehemu ya bei, na shilingi 800,000 zilizobaki aliahidi kuzimaliza kabla ya mwisho wa mwezi Juni 2019. Wote wawili walitia sahihi mbele ya balozi wa nyumba kumi. Tangu siku ile hakuleta hata senti moja.

"Mwalimu," akaniuliza, "karatasi hii ingali na nguvu? Nasikia watu wakisema ya kuwa deni likikaa sana hufa."

Nami nikamwuliza kwa nini hakwenda mbele miaka yote hiyo.

Akanijibu, "Nitamshitakije mtoto wangu? Kila nikimwona huniambia, 'Yeyo, subiri mavuno.' Nami nasubiri."

Swali lake ni la maana, na kusubiri kwake ni kusubiri kwa watu wengi. Kwa hiyo nililichunguza jambo hili, nipate kumjibu yeye na ninyi pia.

Katika nchi yetu iko Sheria ya Ukomo, iliyotungwa mwaka 1971, nayo ni Sura ya 89 katika sheria za Tanzania. Sheria hiyo imeyawekea madai vipimo vya miaka. Deni litokanalo na mapatano, kama vile kukopesha fedha au kuuza kitu ili kilipwe baadaye, kipimo chake ni miaka 6. Mtu aliyeharibiwa mali yake kwa kosa la mwenzake, pasipo mapatano yo yote, ana miaka 3. Anayedai kurudishiwa ardhi ana miaka 12. Tena ziko kanuni za mwaka 1964 kwa madai ya kimila, zenye vipimo vyake zenyewe. Mwenye dai la namna hiyo na aulize mapema katika Mahakama ya Mwanzo.

Labda mtu atasema, sheria gani hii inayomhurumia mdaiwa mkaidi? Tuitazame asili yake. Huko Uingereza, katika enzi ya Mfalme James wa Kwanza, ilitungwa sheria ya mwaka 1623 iliyoweka miaka 6 kwa madeni ya mapatano. Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, mwaka 1920 zilitumiwa hapa sheria kadhaa za India, na miongoni mwake ile ya ukomo ya mwaka 1908, iliyompa mwenye kukopesha fedha miaka 3 tu. Sheria yetu ya 1971 ikaja kushika mahali pake. Katika zote hizo sababu ni moja. Mashahidi hufa, karatasi huliwa na mchwa, na kumbukumbu za watu hugeuka. Mtu aliyelipa deni lake kwa uaminifu, kisha akapoteza stakabadhi, asije akaburutwa mahakamani baada ya miaka 20 na mtu anayejua kwamba ushahidi umekwisha kupotea. Ndiyo maana sheria humwambia mdai, "Sema sasa, wakati kweli ingali yaweza kuonekana."

Je, miaka 6 huhesabiwa tangu lini? Si tangu siku ya kukopa, wala si tangu siku mdai alipokasirika. Huhesabiwa tangu siku ile haki ya kushitaki ilipozaliwa, yaani ahadi ilipovunjwa. Yule mama aliuza mtamba wake mwaka 2018, lakini ahadi ya kulipa ilikuwa mwisho wa Juni 2019. Basi miaka yake 6 ilikuwa ikimalizika mwisho wa Juni 2025. Siku ile aliponijia zilibaki kama miezi 3 tu, naye hakuwa na habari.

Sasa sikilizeni jambo linalowadanganya wengi. Mazungumzo peke yake hayasimamishi hesabu ya siku. Mahakama zetu zimeamua hivyo mara kwa mara: mdai akibembelezwa kwa maneno ya "kesho" na "mavuno" mpaka muda ukapita, hasara ni yake. Tena hapa kwetu haifai kutumaini ya kuwa mdaiwa atasahau kulitaja jambo la muda mbele ya hakimu. Sheria yasema kwamba shauri lililoletwa baada ya muda wake litatupwa, hata kama mdaiwa hakutamka neno.

Najua ya kuwa kwetu kuna desturi njema ya kumaliza mambo kwa kikao. Mtaalamu Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya Waarusha wa Mlima Meru, alieleza jinsi watu hawa walivyotatua magomvi yao kwa kujadiliana mpaka wakapatana. Desturi hiyo siidharau hata kidogo. Mara nyingi huokoa fedha na undugu pamoja. Lakini kikao kisichoacha maandishi ni kama maji yaliyomwagwa mchangani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi ni nini kiwezacho kuuanzisha muda upya? Sheria imetaja mambo mawili. La kwanza ni mdaiwa kukiri deni kwa maandishi na kutia sahihi yake. Kukiri kwa mdomo, hata mbele ya wazee kumi, hakutoshi. La pili ni mdaiwa kulipa sehemu ya deni, hata kama ni ndogo. Likitendeka moja la hayo, miaka 6 huhesabiwa tena tangu siku ile ya kukiri au ya malipo. Kwa hiyo kila malipo na yaandikwe: siku, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki, na sahihi za wote wawili. Na mambo hayo yafanywe kabla muda haujaisha. Mtu asingoje mpaka mlango umefungwa ndipo atafute ufunguo.

Kama mdaiwa hakubali kukiri wala kulipa, imebaki njia moja, nayo ni kufungua shauri kabla ya siku ya mwisho. Asiende siku ile ile ya mwisho, maana hati huweza kuwa na kosa, au siku hiyo ikawa ya mapumziko. Ni kweli Waziri mwenye kushughulikia mambo ya sheria amepewa uwezo wa kuongeza muda wa kufungua shauri, akiisha kushauriana na Mwanasheria Mkuu, lakini nyongeza hiyo haiwezi kupita nusu ya muda uliowekwa, na lazima aridhike kwamba ni haki kufanya hivyo. Si jambo la kutegemewa na mtu aliyelala tu.

Nanyi wadaiwa, nina neno kwenu. Msisome karatasi nusu na kutia sahihi, kwa kuwa sahihi yenu yaweza kulifufua deni kwa miaka 6 mingine. Lakini pia msihesabu siku kama mwizi angojaye giza. Muda ukipita, sheria hufunga mlango wa mahakama. Haisemi kwamba umelipa. Katika matanga yetu husimama mtu wa ukoo akatangaza, "Anayemdai marehemu na awaone ndugu zake." Tangazo hilo halina miaka 6. Ni nani apendaye watoto wake walisikie jina lake likitajwa hapo pamoja na mtamba wa shangazi yao?

Yule mama hakumshitaki mtoto wa ndugu yake. Niliandika nakala mbili za karatasi fupi, tukamwendea pamoja na mzee mmoja wa ukoo. Kijana alinuna kwanza, akasema, "Shangazi, huniamini?" Mama akamjibu, "Nakuamini, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda kwa hakimu." Akakaa kimya kitambo kirefu, kisha akatia sahihi, akatoa shilingi 50,000 alizokuwa nazo. Hiyo ilikuwa mwezi Aprili 2025. Basi haki ya mama inaye mpaka Aprili 2031. Deni halikuisha siku ile. Lakini alirudi nyumbani bila hofu ya siku za kalenda, na undugu wao haukuvunjika.

Basi, msikilizaji, usiku huu fungua sanduku lako. Itazame kila karatasi ya deni, uisome tarehe yake, uhesabu miaka kwa vidole. Ukiona vidole vinakaribia sita, usilale na jambo hilo. Kesho asubuhi mwendee mwenzako kwa upole, na kalamu mkononi.