Mpanda Baiskeli na Shabaha Yake

Vijana wa Zongwe, kando ya Ziwa Tanganyika, hawahitaji kufundishwa kupanda baiskeli. Kinga, kama wengi wa huku waiitavyo, hubeba unga wa muhogo, makaa, samaki, na hata mgonjwa. Lakini yuko kijana atakaye kuipanda kwa mashindano. Ukimwuliza shabaha yake, husema ataka kwenda mbio. Twamwuliza tena: mbio kiasi gani, na kuanzia wapi hata wapi?

Mtazameni Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyezaliwa mwaka 1987. Katika mauaji ya mwaka 1994 alipoteza ndugu sita. Mwaka 2012 alibeba bendera ya nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya London, akashindana kwa baiskeli ya milimani, ingawa barabara pia aliijua sana. Hakwenda akiota medali. Shabaha yake ilikuwa kumaliza. Akamaliza, wa 39. Sisi twaiona shabaha hiyo kuwa ya mtu mwenye akili.

Basi, kijana, chagua kipande cha barabara, tuseme kilometa kumi, chenye alama zisizohama: daraja, mwembe mkubwa. Kipite alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka; maana ukisukumwa na upepo leo na kuzuiwa nao kesho, umeupima upepo, hukujipima wewe. Andika dakika katika daftari. Zikiwa 30, usijiwekee 20. Jiwekee 28, na majuma sita ya kuzifikia.

Katika juma, siku mbili tu zatosha kwa kukaza mwendo. Siku nyingine nenda polepole, hata uweze kuzungumza na mwenzio. Hapa ndipo wengi waharibikiwapo, kwa kudhani kwamba asiyehema hafanyi kazi. Barabarani mwili huchoka. Nguvu huzipata baadaye, kwa chakula na usingizi. Hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujaondoka kitandani. Yakizidi ya kawaida kwa kumi hivi, pumzika. Naye aliyesukuma magunia ya makaa mchana kutwa amekwisha kufanya zoezi lake, asijiongezee jingine jioni.

Tena, kabla ya kuilaumu miguu, tazama kiti. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti na kupoteza nguvu bure, na kukiinua hakutaki fedha, ila spana ya kuazima.

Kwenu akina baba twasema wazi: mbuzi wa karo ya shule asiuzwe ili kununua baiskeli nyepesi. Baiskeli ya kazi yatosha kwa miaka ya kwanza. Mke aelezwe siku za mazoezi tangu mwanzo, na mtoto aliyekwisha kujua tarakimu apewe saa na daftari. Ataifurahia kazi hiyo kuliko mtahiniwa mwenyewe. Jumapili ni ya Misa, nayo yafaa sana kuwa siku ya kupumzisha miguu.

Majuma sita yakiisha, nawe ukazipata dakika 28, punguza moja tu. Usipozipata, fungua daftari: pengine palikuwa na homa, au mvua, au matanga yaliyokunyima usingizi siku tatu. Hapo rudia majuma sita yale yale kabla ya kuibadili namba.