Nyundo, Moto na Ugumu wa Alumini

Fundi bati wa Mwanjelwa, mjini Mbeya, akunjapo ukingo wa bati la alumini huona kwamba mkunjo wa kwanza ni mwepesi, wa pili ni mgumu, na wa tatu huweza kulipasua. Hasara hiyo ina sababu yake katika sayansi.

Alumini imejengwa kwa punje ndogo za fuwele, na ndani ya kila punje atomi zimejipanga safu kwa safu. Lakini safu hizo zina kasoro. Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba metali hukunjika kwa kuwa kasoro hizo husogea. Nyundo ipigapo, kasoro huzaliana na kuzuiana kama watu katika mlango mwembamba. Ndipo metali huwa ngumu. Ikipashwa moto wa kutosha, kasoro nyingi hutoweka, punje mpya hukua, na metali hulainika tena.

Umeme wa Nyanda za Juu Kusini nao hutegemea tabia hiyo. Njia ya kilovolti 220 kutoka Kidatu hupitia Iringa na Mufindi hadi Mbeya. Nyaya za alumini za njia kubwa kama hiyo huongezewa nguvu kiwandani kwa kuvutwa katika matundu yazidiyo kuwa membamba. Zikibebeshwa umeme kupita kiasi kwa muda mrefu, hupata joto, hulainika na kulegea, hata zikaweza kukaribia miti.

Je, joto hulainisha alumini sikuzote? La. Mwaka 1998 wataalamu wa Japani walieleza mbinu ya kupitisha bati kati ya rola, kulikata, kulipandanisha na kulipitisha tena mara nyingi, mpaka punje zake zikawa ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 2006 Huang, Hansen na Tsuji walionyesha kwamba alumini ya namna hiyo, ilipopashwa joto la nyuzi 150 za Selsiasi kwa nusu saa, ilizidi kuwa ngumu. Ilipokandamizwa kidogo tena, ikalainika. Joto lilikuwa limefuta kasoro zilizo huru kusogea, na mkandamizo ukazirudisha.

Mwanafunzi anaweza kuanza uchunguzi kwa waya wa alumini: aukunje na kuukunjua, ahesabu mpaka ukatike; kisha, akisimamiwa na mwalimu, arudie kwa waya wa aina ile ile uliopashwa moto na kupoa. Tofauti ya hesabu hizo mbili itamwonyesha kazi ya kasoro asizoweza kuziona kwa macho.