Kijana wa Buru, kamba hii usiifunge!

Zamani ungetoka Buruburu asubuhi, ufike Bwawa la Nairobi karibu na Kibera na kupanda mashua ya tanga. Leo bwawa limemezwa na magugumaji, kwa hivyo itabidi uende Naivasha au Kilifi. Lakini tanga dogo la mbele unaweza kulijua hata kabla hujatoka Phase Three.

Chukua leso ya mamako (omba kwanza!) uikunje iwe pembetatu. Pembe ya chini ya mbele ndiyo hufungwa kwanza, kwenye omo. Ya juu hupandishwa kwa henza. Ya nyuma hutiwa demani, kamba ya kuvutia tanga: ni moja ndefu, imefungwa katikati yake, kila ncha ikipita upande wake wa mlingoti na kwenye pete hadi ulipoketi. Piga fundo la nane kila ncha, la sivyo itachomoka kwenye pete na kuanza kukuchapa usoni.

Sasa sikiza. Upepo ukija kwa ghafla, mashua hulala upande. Ukiwa na demani mkononi, unaiachilia tu, tanga linapepea, mashua inainuka. Ukiwa umeifunga kabisa ndio upige selfi, buda, mtaogelea nyote. Jaketi la kuokolea maisha nalo si la mapambo.

Mkigeuza, achilia kwanza upande uliokuwa umevuta. Omo ikishapita upepo, vuta wa pili.