MADAFTARI YA GOMBE: KUANDIKA KUNALETA KAZI



Mwezi uliopita nilipita katika darasa la kisomo, katika kijiji kimoja kando ya ziwa, kaskazini ya mji wa Kigoma. Mwalimu alikuwa anamaliza somo. Mzee mmoja mvuvi alisimama akasema: "Mwalimu, kusoma sasa najua. Jina langu naliandika. Lakini niandike nini tena? Mimi si karani."

Watu walicheka. Mwalimu akanigeukia. "Bwana shamba, tusaidie kumjibu mzee wetu."

Nilimjibu kwa habari za jirani zetu wa Gombe. Leo nawaeleza na ninyi.

MGENI MWENYE DAFTARI

Tarehe 14 Julai 1960 binti mmoja Mwingereza alishuka kutoka katika boti pale Gombe. Jina lake Jane Goodall. Alikuwa na umri wa miaka 26, na alikuja na mama yake. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Kazi aliyokuwa akifanya Nairobi ni ya ukatibu. Alikuja na darubini, daftari na kalamu.

Kila siku alipanda milima kuwatafuta sokwe. Alichokiona alikiandika. Mwaka ule ule alimwona sokwe akishika unyasi, akauingiza katika kichuguu, akautoa umejaa mchwa, akawala. Alimwona pia sokwe akipukutisha majani ya kijiti ili kifae kwa kazi hiyo. Wakati huo wataalamu walisema kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza vyombo vya kazi. Daftari la Gombe likaonyesha kwamba sivyo.

Kwa sababu ya kazi hiyo, Chuo Kikuu cha Cambridge, huko Uingereza, kilimpokea asomee shahada ya udaktari bila kuwa na shahada ya kwanza. Akaipata. Alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, dunia nzima ilimjua.

WANAKIJIJI WASHIKA KALAMU

Lakini, ndugu msomaji, habari haiishii kwa mgeni huyo. Vijana wa vijiji vya jirani waliajiriwa Gombe. Wengi walikuwa na elimu ya shule ya msingi tu. Mwanzo walionyesha njia na kubeba mizigo. Baadaye walifundishwa kuandika taarifa.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wawili humfuata sokwe mmoja tangu anapoamka katika kiota chake mpaka anapolala jioni. Wanaandika amekula nini, amekwenda wapi, amekutana na nani, na saa ngapi. Wanaandika kwa Kiswahili.

Mmoja wa watu hao ni Hilali Matama. Mwezi Januari 1974 aliona jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyepata kuliona. Sokwe wa kundi la Kasekela walimvamia sokwe wa kundi la Kahama, aliyeitwa Godi, wakampiga vibaya. Godi hakuonekana tena. Mpaka siku hiyo wengi waliamini kwamba sokwe ni wanyama wapole wasiojua vita. Taarifa hiyo imeingia katika vitabu vya elimu duniani.

MWAKA WA HATARI

Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka ng'ambo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Waliwateka watu wanne wa kituo cha Gombe, wote wageni. Baadaye wote waliachiliwa, lakini wanafunzi wa kigeni waliondoka Gombe.

Je, kazi ilikufa? Haikufa. Watanzania waliokuwa pale waliendelea kuwafuata sokwe na kuandika. Kama wasingejua kuandika, wangeona mambo mengi, lakini yangepotea. Kwa sababu waliandika, kazi ya Gombe haikukatika. Baadhi yao waliifanya kwa miaka mingi, na kwa kazi hiyo walilea familia zao.

Siku hizi hata kalamu imebadilika. Katika vijiji kadhaa vya mkoa wa Kigoma, wanakijiji wamechaguliwa kulinda misitu ya kijiji. Wanaandika katika simu: hapa mti umekatwa, hapa kuna mtego, hapa sokwe amepita.

MWALIMU NAYE AANDIKE

Mwalimu wa kisomo aliniuliza: "Na sisi walimu je?"

Nilimkumbusha Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ualimu. Aliandika historia, mila na desturi za watu wake Wagogo, na kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1954. Alikuwa pia liwali, kisha hakimu, na mashairi yake yalisomwa nchi nzima. Mwalimu anayeandika hufundisha hata watu asiowaona.

ANZA LEO

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Nilipokuwa mgeni kazini, mkulima mmoja aliniuliza: "Mwaka jana mvua ya kwanza ya kupandia ilinyesha lini?" Nilikuwapo siku hiyo, na mvua hiyo ilinilowesha. Lakini sikuandika, basi sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo daftari haliachani nami.

Fanya hivi:

1. Nunua daftari moja. Liweke mahali pakavu.
2. Kila siku andika tarehe kwanza.
3. Andika ulichokiona au ulichokifanya wewe mwenyewe. Usiandike uvumi.
4. Andika hesabu: ndoo ngapi za dagaa, madebe mangapi ya mawese, wanafunzi wangapi wamefika darasani.
5. Kama hukuona kitu, andika "sikuona". Hiyo nayo ni taarifa.

Daftari peke yake halimpi mtu kazi. Lakini siku kazi inapotafuta mtu, mwenye daftari ana kitu cha kuonyesha. Mwenye maneno matupu hana.

Wiki mbili baadaye nilirudi kijijini kule. Yule mzee alinifungulia daftari lake. Alikuwa ameandika mistari mitatu:

"Jumatatu. Dagaa ndoo 2. Jumanne. Upepo mkali, sikwenda. Jumatano. Dagaa ndoo 5, mafuta ya injini lita 10."

Akaniambia: "Bwana shamba, miaka 30 navua. Leo ndiyo mara ya kwanza najua mafuta yangu yanakwenda wapi."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kazi ya Gombe haikufa mwaka 1975?
2. Katika kazi yako, ni jambo gani unaliona kila siku ambalo hakuna aliyeliandika?